Neno Linaingiaje Kamusini

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu, wahariri, watafsiri, na nyinyi wanafunzi mlioketi hadi kwenye ngazi: asanteni kwa kufika.

Nimeombwa nieleze kamusi inavyotengenezwa. Watu wengi wakisikia kazi hii hufikiria maneno magumu, yale ya kwenye tenzi za kale au ya mabaharia. Hayo, jamani, ndiyo mepesi. Neno kama "foromali" lina maana moja na ngeli moja, na baharia yeyote wa jahazi atakuonyesha kwa kidole: ni ule mti mrefu unaofungiwa tanga. Mtunzi hulimaliza kabla chai yake haijapoa. Linalomtoa jasho ni neno "kwa".

Hebu andikeni sentensi hizi. Alikata mkate kwa kisu. Amekwenda kwa shangazi yake. Walishinda mabao mawili kwa moja. Alizungumza kwa haraka. Alifariki kwa malaria. Waliitika wake kwa waume. Nimeinunua kwa shilingi elfu mbili. Alikaa Tanga kwa miaka mitatu. Kuimba kwa Asha kunapendeza. Mtoto wa darasa la nne huyasema yote haya bila kusita. Mtunzi wa kamusi lazima aamue: "kwa" hizi ni ngapi? Ile ya kisu ni chombo, ya haraka ni namna, ya malaria ni sababu. Je, ni maana tatu, au ni moja iliyonyooshwa? Ile ya Asha si kihusishi hata kidogo: ni "-a" ya kumilikisha iliyovaa upatanisho wa "kuimba", nayo ya shangazi ni ndugu yake kwa kuwa inabeba upatanisho wa mahali. Ukizichanganya zote kwenye orodha moja, mwanafunzi wa kigeni atapotea. Ukizitenganisha kupita kiasi, mwalimu wa sekondari atakuuliza umepata wapi "kwa" kumi na mbili. Kitomeo cha neno hilo moja kinaweza kula siku kadhaa, na hakuna msomaji atakayekuja kukupongeza.

Nimetaja kitomeo, basi nieleze istilahi mbili tu kisha tuendelee. Neno linalochapwa kwa wino mzito ili ulitafute kwa alfabeti huitwa kidahizo. Kidahizo pamoja na maelezo yake yote, yaani aina ya neno, ngeli, fasili, mifano, misemo na minyambuliko, huitwa kitomeo. Wapo wanaoyabadilishana maneno haya mawili, na hugombana juu yake kwenye makongamano.

Kazi huanza kwa swali: kamusi hii ni ya nani? Mwanafunzi wa msingi, mtafsiri, mgeni anayejifunza lugha na mtafiti wa mashairi hawawezi kuhudumiwa na kitabu kimoja wote wakaridhika. Swali la pili ni nafasi, na hapa ndipo wasomi wengi hudharau hesabu. Mitambo huchapa karatasi kubwa zinazokunjwa, aghalabu kurasa 16 kwa fungu, kwa hiyo kitabu huhesabiwa kwa mafungu. Tuchukulie mchapishaji ametoa mafungu 32, yaani kurasa 512. Toa kurasa 32 za utangulizi, vifupisho na viambatisho, zimebaki 480. Kila ukurasa una safu mbili za mistari 55, jumla mistari 52,800. Kitomeo cha wastani kikila mistari minne, utapata vitomeo 13,200. Kikila mitatu, utapata 17,600. Mstari mmoja tu, na umepata au umepoteza maneno 4,400. Kwa hiyo mhariri anayekufutia mfano mzuri wa sentensi hana chuki na wewe. Anatafuta nafasi ya neno jingine. Kamusi ya mtandaoni imeuondoa ubahili huo wa karatasi. Ubahili wa jicho la msomaji ungali palepale: kitomeo cha skrini nne hakisomwi.

Baada ya hapo huandikwa mwongozo wa mtindo. Huu ni waraka wa ndani, wala msomaji hauoni, lakini bila huo kamusi huwa mkusanyiko wa tabia za watu kumi. Unasema vitenzi vitaandikwa kwa shina bila "ku-", vivumishi vitaanza kwa kistari, nomino zitaonyeshwa umoja na wingi na upatanisho, misemo ya "piga" itakaa wapi, jina la mnyama litafasiliwa kwa sifa zipi na kwa mpangilio gani. Mwongozo haujulikani kama unafaa mpaka ujaribiwe. Chagua maneno kama mia mbili ya kila sampuli, kitenzi chenye minyambuliko mingi, samaki, chombo cha jikoni, kiunganishi, neno la kidini, tusi, wape watunzi watatu wayaandike bila kuangaliana, kisha linganisha. Palipotofautiana ndipo mwongozo ulipotoboka.

Na tafadhali, msianze na herufi A. Vitomeo vya mwanzo huandikwa na watu ambao mikono yao haijatulia, na A ndiyo herufi ya kwanza mhakiki atakayoifungua. Wahariri wa Oxford walipoanza kuchapisha marekebisho ya kamusi yao kuu ya Kiingereza mtandaoni mwaka 2000, walianza na M, kwa sababu sehemu za mwanzo za toleo la zamani zilikuwa na mtindo usiotulia. Kwetu sisi M haifai kuanzia: nomino za m-/wa- na m-/mi- zimeijaza hadi kooni, na K nayo ina mzigo wa ki-/vi-. Anzeni na herufi zenye maneno machache kama G au J, mjifunze humo, kisha mwende kwenye milima.

Sasa ushahidi. Fasili haitoki kichwani mwa mtunzi, hata awe mzaliwa wa Vuga au Mvita. Zamani ushahidi ulikuwa vikaratasi. James Murray alipokabidhiwa kamusi hiyo ya Oxford mwaka 1879, wasomaji wa kujitolea walimletea sentensi zilizonakiliwa vitabuni, kila moja kwenye kipande chake cha karatasi, na juu yake neno, mwandishi, kitabu na mwaka. Iliaminika kazi ingekwisha kwa miaka kumi. Sehemu ya kwanza ilipotoka 1884 ilikuwa haijamaliza hata A, na kamusi nzima ilikamilika 1928, Murray akiwa ameshafariki. Vikaratasi vina maradhi yake. Cha neno moja la Kiingereza lenye maana ya kijakazi kilipotea, na juzuu ikatoka bila neno hilo.

Maradhi mabaya zaidi ni ya neno kuzaliwa bila wazazi. Mwaka 1931 mhariri wa kemia wa kamusi ya Webster nchini Marekani aliandika kwenye kikaratasi kwamba herufi D, kubwa au ndogo, ni kifupisho cha msongamano wa maada. Kwa Kiingereza aliandika "D or d". Mtu aliyepokea kikaratasi akakiweka kwenye fungu la maneno badala ya fungu la vifupisho, nafasi zikafungwa, na toleo la 1934 likatoka na nomino "dord", eti istilahi ya fizikia na kemia. Haikugunduliwa hadi mwaka 1939, mhariri mmoja alipoona kitomeo kisicho na asili ya neno. Angalieni kilichoiumbua: sehemu tupu kwenye kitomeo. Ndiyo maana leo tunasisitiza kwamba kila kitomeo kiwe na uwanja wa chanzo ulioambatanishwa kwenye kanzidata, hata kama msomaji hataonyeshwa. Neno lisilo na sentensi hata moja ya mtu aliyelitumia, likiwa limenakiliwa tu kutoka kamusi nyingine, linawekwa kando. Kamusi zetu nazo zina maneno ya aina hiyo, yanarithiwa toleo hadi toleo, na hakuna aliyewahi kuyasikia.

Leo badala ya masanduku ya vikaratasi tuna korpasi, yaani hazina kubwa ya matini kwenye kompyuta. Kwa Kiswahili ile inayojulikana zaidi ni ya Helsinki, iliyojengwa na Profesa Arvi Hurskainen na wenzake. Toleo lake la pili lina maneno yapatayo milioni 25. Unaandika neno, mashine inakupangia mistari yote lilimotokea, neno katikati, muktadha kulia na kushoto. Maana zinaanza kujipanga zenyewe machoni.

Lakini korpasi ya Kiswahili haitumiki kama ya Kiingereza. Ukiiomba ihesabu maneno kama yalivyoandikwa, "aliandika", "hawakuandikiwa", "tutakaowaandikia" na "kaandike" yatahesabiwa kama manne tofauti, na "andika" litaonekana adimu kuliko lilivyo. Lazima programu ya uchanganuzi wa mofolojia ivue viambishi kwanza, na programu hukosea: ikikutana na "kaa", haijui kama ni kuketi, mdudu wa baharini mwenye magando au kipande cha makaa. Kuna jambo jingine ambalo wapya hulishangaa. Katika mkusanyiko wowote mkubwa wa matini, aghalabu karibu nusu ya maumbo tofauti hutokea mara moja tu. Mengi ni makosa ya chapa, majina ya watu na maneno ya kigeni, lakini ndani ya takataka hizo mmejificha lulu mbili tatu, na hakuna mashine inayozichagua. Ni jicho la mtu.

Halafu korpasi ina upendeleo. Matini zilizo rahisi kupatikana ni magazeti na kumbukumbu za Bunge, kwa hiyo "mheshimiwa", "waziri" na "mkakati" hufurika, huku "upawa", "kata" na "mwiko" vikionekana kama mabaki ya kale, ilhali vinashikwa kila siku jikoni. Dema la kuvulia samaki halijadiliwi bungeni. Kwa hiyo lazima mtu atoke na kinasasauti aende pwani, shambani, gereji, saluni. Na akifika huko asiulize "neno hili maana yake nini?" Ukimuuliza mvuvi hivyo atakupa jibu la kukupendeza. Mwombe akuonyeshe kazi, mwache azungumze na mwenzake, urekodi majina yanavyotoka yenyewe, halafu mwulize mvuvi mwingine wa kijiji cha pili peke yake. Yakipatana, andika. Yasipopatana, andika yote mawili pamoja na mahali.

Tuje kwenye kuchagua vidahizo, ambako Kiswahili kina taabu zake. Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa 1930, alirithi kazi ya Madan, mtunzi wa kamusi aliyemtangulia, na kamusi yake Johnson ya Kiswahili na Kiingereza ilitoka 1939, miaka miwili baada ya kifo chake. Humo maneno mengi yamewekwa chini ya mzizi: mpishi, mapishi na upishi utayakuta kwa "pika". Kwa mtaalamu ni raha, ukoo mzima umeketi pamoja. Kwa mwanafunzi ni mateso, maana lazima ajue kwamba mwizi yuko kwa "iba", kiapo kwa "apa" na wokovu kwa "okoa" kabla hajalipata neno analolitafuta. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyotoka 1981 kwa fasili za Kiswahili chenyewe, ilifuata alfabeti ya neno zima, na nyingi zilizoifuata zimefanya hivyo. Mimi naunga mkono uamuzi huo, ingawa gharama yake ni kutawanya ukoo na kurudia maelezo. Marejeo mafupi kwenye kitomeo yanaweza kuwakutanisha tena.

Minyambuliko ya vitenzi ndiyo uwanja wa vita. "Piga" inatoa pigia, pigana, pigwa, pigika, pigisha, pigiana, pigishana, na ukitaka utaendelea hadi usiku. Kanuni inayofaa ni hii: mnyambuliko ambao maana yake inakisika kutoka kwenye shina na kiambishi hauhitaji kidahizo chake; utajwe tu mwishoni mwa kitomeo. Uliopotoka kimaana upewe mlango wake. "Onea" si kuona kwa niaba ya mtu tu, ni kudhulumu. "Patana" si kupata kwa pamoja, ni kuafikiana, au kuvutana kwenye bei hadi muuzaji akubali. "Endesha" imehama kabisa ikaenda kwenye magari, biashara na tumbo. Na mwangalie "lazwa": ukimwambia mtu jirani yako amelazwa, hatauliza nani kambebelea mpaka kitandani, atauliza hospitali gani. Kamusi inayoliacha "lazwa" ndani ya orodha ya minyambuliko ya "lala" imeficha neno ambalo kila familia inalihitaji. Hapa kuna onyo kwa wenye kuandaa mikataba: ukimlipa mtunzi kwa idadi ya vitomeo, utaletewa "piganishana" na jamaa zake wote, kila mmoja na mlango wake.

Maneno yanayofanana umbo yana kanuni yake pia. "Paa" la nyumba, "paa" wa mwituni, "kupaa" angani, "kupaa" samaki magamba, "kupaa" moto mekoni: hapo tunaweka vidahizo tofauti vyenye tarakimu ndogo juu, kwa sababu asili zao hazihusiani. Maana zikiwa zimetoka tumbo moja, zinakaa kitomeo kimoja kwa namba 1, 2, 3. Ugumu unakuja kwa neno kama "mbuzi". Chombo cha kukunia nazi kimepata jina kwa mnyama, basi asili ni moja. Lakini mnyama anasema "mbuzi huyu amepotea" na chombo kinasema "mbuzi hii imepotea". Ngeli zimeachana. Wengine huyaweka pamoja kwa hoja ya asili. Mimi ningeyatenga, kwa kuwa anayefungua kamusi anataka kujua aseme huyu au hii.

Tubaki na mbuzi hiyo ya nazi, tuitungie fasili pamoja. Njia ya kawaida ni kutaja kundi kubwa ambalo kitu kimo, kisha sifa zinazokitenga na wenzake. Jaribio la kwanza: "kifaa cha kukunia nazi". Ni kweli, lakini mashine ya umeme sokoni nayo hukuna nazi, na hakuna anayeiita mbuzi. Fasili imekuwa pana mno. Jaribio la pili: "kibao kinachokunjwa, chenye ulimi wa chuma, cha kukunia nazi". Sasa tumezifukuza mbuzi zote zisizokunjwa, na ziko nyingi. Imekuwa finyu. Jaribio la tatu: "kibao cha kukalia chenye ulimi wa chuma wa meno uliotokeza mbele, kinachotumiwa kukunia nazi". Kukalia kunaitenga na mashine, meno yanaitenga na kibao cha kawaida, wala hatujasema lolote kuhusu kukunjwa. Yanabaki maneno mengine ya kuangalia: je, "ulimi" kwa maana hiyo na "kuna" yana vitomeo vyake? Kama hayana, msomaji ameelekezwa gizani. Mwisho mfano wa sentensi, nao uoneshe ngeli na kazi kwa mkupuo mmoja: "Mbuzi hii meno yake yamelika, haikuni vizuri." Maneno saba, na kila moja limelipa nauli yake.

Fasili ikishaandikwa, ijaribuni kwa kuiingiza kwenye sentensi mahali pa neno lenyewe. Sentensi ikisimama, mko salama. Mkifasili kitenzi kwa nomino, itaanguka papo hapo. Ugonjwa wa pili ni mzunguko: hofu ni woga, woga ni hofu. Au kitunguu saumu kinasema tazama kitunguu thomu, na kitunguu thomu kinasema tazama kitunguu saumu, na aliyekuja kutafuta anarudi sokoni mikono mitupu. Mzunguko wa hatua mbili mtu huuona. Wa hatua nne au tano, hofu, woga, wasiwasi, mashaka, hadi hofu tena, unahitaji programu inayofuatilia kila rejeo.

La tatu linanikera kuliko yote, nalo ni "aina ya". Fungua kamusi zetu nyingi utakuta aina ya samaki, aina ya mti, aina ya ndege, aina ya ngoma. Mvuvi hakuhitaji kamusi kujua kwamba tasi ni samaki. Kwa gharama ya mistari mitatu mtunzi angeweza kusema: samaki wa bahari wa jenasi Siganus, mwenye mwili bapa na kinywa kidogo, ambaye mapezi yake yana miiba yenye sumu, naye hula mwani na majani ya bahari. Mkulima wa mwani wa Unguja angemtambua hapo hapo, kwa sababu anamjua kwa hasara anazomtia. Jina la kisayansi ni lazima, lakini alithibitishe mtu wa fani kwa kumwona samaki mwenyewe au picha iliyopigwa mahali husika, maana jina moja la Kiswahili linaweza kutaja samaki mwingine ukisogea kijiji cha tatu. Hizi zote ni kazi za wataalamu wa nje: mtu wa mimea, wa samaki, wa sheria, wa dini. Wapeni orodha fupi na maswali mahususi. Mkiwapa herufi nzima watawarudishia baada ya mwaka, au hawatarudisha.

Kuhusu lahaja na nchi nitapita haraka, si kwa kuwa ni jambo dogo. Krapf, ambaye kamusi yake ilitoka 1882, aliegemea Kimvita, lahaja ya Mombasa. Watunzi Steere na Madan waliegemea Kiunguja, na mkutano wa Mombasa wa 1928 ukakichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji. Tangu hapo maneno ya kwingine yamekuwa yakiingia kamusini kama wageni. Tungule ni nyanya Unguja na Pemba. Tarakilishi na runinga vimeshika zaidi Kenya, kompyuta na televisheni Tanzania. Kazi ya kamusi ni kuandika alama ya mahali, basi, na kuacha kutoa hukumu ya nani anaongea vizuri. Hata jina la kitabu chenyewe lina mgogoro: TUKI walitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, BAKIZA, baraza la Kiswahili la Zanzibar, wakatoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010, na BAKITA, baraza la Kiswahili la Tanzania, wakarudi kwenye "ya" mwaka 2015 na Kamusi Kuu ya Kiswahili. Ya au la, wote wana ushahidi wao.

Maneno mapya nayo yanahitaji subira yenye kanuni. Neno likionekana kwa mwandishi mmoja, lisubiri. Likionekana kwa waandishi wasiohusiana, kwenye vyanzo vya namna tofauti, kwa zaidi ya mwaka mmoja, linastahili. Istilahi iliyoundwa na kamati iingizwe pale watu walipoanza kuitumia. "Ngamizi" ilipendekezwa kwa kompyuta na ikabaki kwenye karatasi. Kwa upande mwingine, "barakoa" haikuhitaji kamati. Ilikuwemo kwa Johnson tangu 1939 kama kifuniko cha uso cha wanawake, ikadumu pembeni miaka mingi, kisha mwaka 2020 ikawa kwenye vinywa vya watu wote kwa maana ya kuzuia maambukizi. Mtunzi hapo hafuti maana ya zamani. Anaongeza ya pili, na anaangalia kama sasa ndiyo iandikwe ya kwanza.

Ukaguzi wa mwisho ni kazi isiyo na sifa. Maneno yaliyo familia moja yasomwe pamoja, bila kujali alfabeti: siku za juma zote, rangi zote, ukoo wote. Ndipo mnagundua kwamba Jumatatu imeitwa siku ya tatu kwa hesabu ya Kiswahili inayoanzia Jumamosi, na Jumamosi imeitwa siku ya saba kwa hesabu ya kalenda ya ofisini, kwa sababu J iliandikwa na watu wawili. Shangazi amefasiliwa kwa kuanzia kwa baba, mjomba kwa kuanzia kwa "upande wa kikeni". Kagueni kila "tazama" kama linaelekea mahali palipo na mtu.

Na kwa wale wa mtandaoni, kuna kialama kimoja kidogo kinachoua utafutaji: kile cha "ng'ombe". Simu moja huandika kialama kilichonyooka, nyingine kilichopinda kulia, nyingine kilichopinda kushoto, na kwa mashine hayo ni maneno matatu. Msomaji anaandika ng'oa, kamusi inamjibu neno halipo. Dawa ni kubadili vialama vyote viwe cha aina moja, kwenye kanzidata na kwenye kisanduku cha kutafutia. Mpangilio wa alfabeti nao usiachiwe programu iliyotengenezewa Kiingereza. Mwambieni fundi mapema kama ng' itafuata ng au itachanganywa nayo, na kama "ch" ni herufi moja kwenye kitabu chenu.

Kamusi ikishatoka, faili la masahihisho linafunguliwa siku hiyo hiyo, na hapo ndipo ninyi mnapoingia. Walimu mkikuta neno halimo, msituletee neno na maana mnayoifikiria. Tuleteeni sentensi nzima kama mlivyoisikia au kuisoma, nani aliisema kwa maana ya kazi yake na rika lake, wapi, na tarehe. Mkikuta fasili yenye kasoro, tuandikieni sentensi ambayo fasili hiyo inaiangusha. Kwenye meza ya nyuma pale kuna fomu. Zina nafasi nne tu za kujaza, na nafasi ya sentensi ndiyo kubwa kuliko zote. Nakaribisha maswali.